Udongo wa Mara Haupotezi Kitu

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Kwenye machimbo ya dhahabu mkoani Mara, mjadala wa uchafuzi huanzia hapo na mara nyingi huishia hapo: mwalo, yaani mahali pa kuoshea unga wa mawe, uko ndani ya mita 60 au uko nje? Kipimo hicho kina faida yake. Kinazuia tope, mafuta na kinyesi kinachotiririka juu ya ardhi mvua inaponyesha. Chini ya ardhi, hata hivyo, hakuna anayehesabu mita. Kila kemikali husafiri kwa namna yake, kutegemea aina ya udongo, oksijeni iliyomo, na kitu gani kingine kimemwagwa hapo baadaye. Hoja yangu ni kwamba udongo wa machimbo yetu ni ghala ambalo limepokea sumu kwa miongo mingi, na kwamba kinachopaswa kutukosesha usingizi zaidi ni vile vitu vinavyolifungua.

Tuanze na zebaki, kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana. Miamba ya ukanda wa Musoma na Mara, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, imechimbwa dhahabu tangu enzi za ukoloni, Buhemba na Kiabakari zikiwa sehemu maarufu. Buhemba ilirejewa na kampuni ya Meremeta mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wachimbaji wadogo wapo hadi leo. Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huosha unga wake mwaloni, hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mwaka 2000 mwanajiolojia Peter van Straaten wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, alichapisha vipimo vyake kutoka machimbo ya ukanda wa Ziwa Victoria na ya Zimbabwe. Alikadiria kwamba asilimia 70 hadi 80 ya zebaki inayopotea huishia hewani, na inayobaki huingia kwenye marudio (mabaki ya unga uliooshwa), udongo, tope la vijito na maji. Jingine aliloliona halisemwi sana: zebaki ya ardhini haikuwa imefika mbali. Udongo wenye chuma kingi na maeneo ya kinamasi vilikuwa vimeizuia karibu na mahali ilipomwagwa.

Msomaji anaweza kusema basi tatizo limekwisha, udongo umetulinda. Umetulinda kweli, ila kwa masharti. Zebaki ni elementi. Haiozi wala haigeuki kuwa kitu kingine kisicho na madhara. Iliyonaswa mwaka 1990 bado ipo palepale, na kila msimu nyingine inaongezeka juu yake. Maji ya masika yakikata gema na kulisomba tope, zebaki husafiri nalo. Ikifika kwenye kinamasi kisicho na oksijeni, bakteria wanaweza kuigeuza kuwa zebaki ya methili, ile inayojilimbikiza kwenye samaki na iliyowapooza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa wao ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956.

Aseniki nayo ina habari tofauti, kwa sababu hakuna aliyeileta. Imo ndani ya mawe yenyewe, imeungana na chuma na salfa, na mara nyingi hukaa jirani na dhahabu. Ikiwa chini, bila hewa, imetulia. Jiwe likitolewa shimoni na kusagwa, oksijeni na mvua huivunja salfa hiyo, maji yakawa makali kama asidi na aseniki ikaachiwa. Hapo udongo mwekundu huikamata tena, kwa maana aseniki hupenda kung'ang'ania kutu ya chuma. Gabriel Kassenga na Rubhera Mato wa Chuo Kikuu Ardhi, waliopima aseniki kwenye vyanzo vya maji ya kunywa katika maeneo ya migodi ya bonde la Ziwa Victoria, walijaribu kuutumia udongo wa namna hiyo kuisafisha. Shida ni kwamba kutu ya chuma ikizama kwenye maji yaliyokosa oksijeni huyeyuka, na kile ilichokishika huachiwa. Bangladesh iliyajua hayo kwa gharama kubwa. Watu walichimbiwa visima vya bomba kuanzia miaka ya 1970 ili waepuke maji machafu ya madimbwi. Miaka ya 1990 ikadhihirika kwamba mamilioni walikuwa wakinywa aseniki iliyoachiwa na tope la chini. Maji yalikuwa maangavu, hayana harufu.

Ndiyo maana silikubali moja kwa moja jibu kwamba kisima kirefu ni salama. Miamba yetu ya granaiti na ya kijani haina maji mengi. Maji hukaa kwenye tabaka la mawe yaliyooza na kwenye nyufa. Ufa unaweza kupeleka maji upande ambao mteremko wa juu hauonyeshi. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa, na cheti cha kimoja hakisemi lolote kuhusu cha pili. Udongo mweusi wa mbuga, ambao wakulima wa pamba wa Bunda wanaujua vizuri, nao hudanganya. Ukilowa hujifunga, maji hayapiti. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ndefu, na mvua ya kwanza hutumbukia humo pamoja na masalia ya dawa za shambani na uchafu wa juu bila kuchujwa na chochote. Naitreti ya vyoo vya shimo haihitaji hata nyufa: ina chaji hasi kama udongo wa mfinyanzi, hivyo udongo hauishiki, na kuchemsha maji huizidisha badala ya kuiondoa. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga.

Ila ninachokiogopa zaidi ni sayanidi inapokutana na marudio. Wachimbaji wakishamaliza kwa zebaki, mabaki yao huuzwa kwa wenye mabwawa ya kuchenjulia, ambao hutumia sayanidi kutoa dhahabu iliyosalia. Kibiashara ni jambo la akili. Kikemia, sayanidi huyeyusha zebaki kama inavyoyeyusha dhahabu, na mchanganyiko wake huenda na maji kwa urahisi kuliko zebaki peke yake. Sumu ambayo udongo ulikuwa umeishika hupewa miguu. Hujibiwa kwamba jua huiua sayanidi. Ni kweli kwa sayanidi huru iliyo wazi juani; iliyoungana na metali ni sugu zaidi, na iliyovuja chini ya bwawa haioni jua. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka nchi ichukue hatua za kukomesha kutia sayanidi kwenye marudio ambayo hayajaondolewa zebaki.

Pingamizi zito zaidi ni la ziwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na vipimo vya zebaki kwenye samaki wake kwa ujumla vimekuwa chini ya ukomo wa miligramu 0.5 kwa kilo, isipokuwa baadhi ya sangara wakubwa. Sitaki kulikwepa hilo: anayesema samaki wa Musoma ni sumu hana ushahidi. Lakini sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili huondoka kwa njia ya mvuke, na metali nyingi hubaki nyuma. Zaidi ya hapo, mama wa Butiama anayechota kwenye kisima cha pampu ya mkono hanywi wastani wa ziwa zima. Miradi kama ule wa Mugango, Kiabakari na Butiama, unaoleta maji kutoka ziwani, ni kinga bora kuliko hotuba yoyote, pale bomba linapofika.

Haja ya vipimo ilionekana mwezi Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipobadilika kuwa meusi na samaki wakafa. Kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilieleza kuwa oksijeni ilikwisha majini, ikitaja kinyesi na mkojo wa mifugo na kuoza kwa mimea. Wengi hawakuamini, wakaelekeza macho kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara. Kikemia maelezo hayo yanawezekana kabisa. Vitu vinavyooza hula oksijeni haraka. Kutoamini kwa watu nako kulikuwa na msingi, maana mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilikuwa limeutoza mgodi huo faini kwa kuvujisha maji ya bwawa la tope sumu. Sampuli zinazochukuliwa baada ya samaki kuelea haziwezi kumaliza ubishi wa namna hiyo. Zinahitajika namba za kila kisima, za kiangazi na za masika, zikiwa zimebandikwa ofisi ya kijiji kabla ya tukio. Na anayeomba kibali cha bwawa la kuchenjulia Buhemba au Bunda aulizwe maswali mawili kabla ya kupimiwa mita 60: marudio yake yana zebaki kiasi gani, na maji ya chini ya kiwanja chake yanaelekea kisima cha nani.