Pampu ya Maji ya Gari: Kazi ya Fundi Mwanagenzi na Somo la Darasani

Mwanachuo apelekwaye kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Makambako au Njombe hukuta wanafunzi waliozoea kuona magari. Makambako ni njia panda: hapo barabara ya Songea huachana na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, na hapo hapo hupita reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Malori ya mbao, viazi na mahindi hupita mchana na usiku. Mtoto wa darasa la nne aweza kuyataja kwa majina yake yangali mbali. Lakini mwulize kwa nini lori limesimama kando ya njia, boneti imefunguliwa na mvuke unatoka, naye atajibu tu kwamba limechemsha. Nini kimechemka, na kwa nini, hilo hajui.

Katika makala haya twaeleza kazi moja tu, nayo ni kubadili pampu ya maji ya gari nyumbani, kazi ifanywayo na mtu ambaye bado ni mwanagenzi, na jinsi kazi hiyo inavyoweza kugeuzwa kuwa somo. Dai letu ni kwamba thamani yake kwa mwalimu imo katika uchunguzi utanguliao spana, na katika pampu mbovu ibakiayo mkononi baada ya kazi kwisha. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, shule zilitakiwa zisitenge kazi na masomo. Kwa bahati mbaya, katika shule nyingi kazi ilikuwa jembe, na masomo yakabaki ubaoni kama yalivyokuwa.

Kwanza tuielewe pampu yenyewe. Ndani yake mna gurudumu dogo lenye mapanga, lililofungwa kwenye mhimili. Mhimili huo huzungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Maji yaliyopoa hutoka chini ya rejeta, huingia katikati ya gurudumu, na mapanga huyarusha nje kwa nguvu hadi kwenye njia za ndani ya injini. Yakiisha kubeba joto hupita kwenye themostati, ambayo ni mlango ujifunguao wenyewe maji yakipata moto wa kutosha, kisha hurudi juu ya rejeta kupozwa na upepo. Maji ni yale yale yanayozunguka. Yafaa jambo hili litiliwe mkazo, maana neno pampu huwafanya wanafunzi wafikiri juu ya kisima, na kudhani kwamba kuna mahali ambapo maji mapya huvutwa.

Sasa uchunguzi. Sindano ya joto ikipanda, mwanagenzi hukimbilia kununua pampu. Hapana budi ajizuie. Gari huchemsha kwa sababu nyingi: mkanda umelegea, mpira wa maji umepasuka, rejeta imeziba, themostati imekwama, kifuniko cha rejeta hakishiki tena, au gasketi ya hedi imeungua. Kila sababu ina alama zake. Mpira wa juu ukibaki baridi hali injini ni ya moto sana, themostati yashukiwa kwanza. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini, na hapo mwanagenzi aite fundi. Pampu nayo ina ushahidi wake. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, shika feni au kapi la pampu ulitikise: likicheza huku na huku, beringi zimekwisha. Kisha tazama chini ya mwili wa pampu, mna kitundu kidogo. Kitundu hicho kiliwekwa makusudi na waliounda pampu ili sili ikichakaa maji yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Michirizi ya kutu au ya rangi chini ya kitundu ni ushahidi usiopingika. Wako watu wanaokiziba kwa gundi na kuona wamepona. Wamemnyamazisha shahidi tu, na beringi zitakufa baada ya muda mfupi.

Hapa tuseme kwa kirefu juu ya hatari, kwa kuwa nyanda hizi zina jambo lake la pekee. Mji wa Njombe umeinuka zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Makambako zaidi ya meta 1,600. Kadiri tupandavyo, hewa hukandamiza kidogo zaidi, na maji huchemka upesi. Sufuria iliyo wazi Njombe huchemka kwenye kiasi cha nyuzi 94 za Selsiasi, ambapo Dar es Salaam ni 100. Mwalimu aliyechemsha maji mbele ya darasa akitumia kipimajoto hujikuta akiulizwa kwa nini kitabu kimesema 100, asikilaumu kipimajoto. Basi kifuniko cha rejeta hufanya kinyume cha mlima: huzuia mvuke, hukandamiza maji, nayo hukaa majimaji hata yakipita nyuzi 100. Mtu akikifungua gari likiwa la moto, mkandamizo huondoka mara moja, na maji yaliyo juu ya kiwango cha kuchemka hugeuka mvuke papo hapo yakamrukia usoni. Kitambaa hakimkingi. Kifuniko kisifunguliwe mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza, na wanafunzi wasisogee karibu na gari la moto hata kwa kuangalia. Mwalimu asiye na uhakika wa kulitimiza sharti hili asilifundishe somo hili penye gari kabisa.

Si kila gari linamfaa mwanagenzi. Katika injini nyingi za zamani, kama zile za Land Rover za kale na pikapu kadhaa, pampu huwa mbele, huzungushwa na mkanda wa feni, na hufikika kwa urahisi. Katika nyingine pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi ulio ndani ya kifuniko cha injini. Mkanda huo ukirudishwa ukipishana hata jino moja, injini haitakwenda vema, na katika baadhi ya injini vali huweza kugongana na pistoni. Gari la namna hiyo liachiwe fundi.

Penye gari linalofaa, waya hasi wa betri hufunguliwa kwanza, kwa kuwa feni ya umeme huweza kuanza yenyewe. Maji hufunguliwa chini ya rejeta na kukingwa kwa beseni. Yakiwa na kulanti, yasimwagwe shimoni wala mtoni. Kulanti ya kawaida ni sumu yenye ladha tamu, na mbwa au mtoto huweza kuionja. Yafunikwe mara moja. Kisha mkanda hulegezwa na kutolewa, feni na kapi hufunguliwa, mipira huvuliwa, ndipo bolti za pampu hufuata.

Bolti hizo ndizo humkwaza mwanagenzi, kwa sababu mara nyingi hazilingani urefu. Ndefu ikiingia mahali pa fupi, hugota kabla ya kukaza au hupasua alumini. Dawa yake ni kipande cha boksi. Chora juu yake umbo la pampu, toboa matundu mahali pa kila bolti, na kila bolti itokayo ichomekwe tunduni mwake. Hakuna kifaa kirahisi kuliko hiki, wala hatujui kizuri zaidi cha kufundishia mpangilio.

Pampu mpya kabla haijafungwa huwekwa kando ya ile ya zamani na kulinganishwa: matundu, urefu wa mhimili, upande yanakoelekea mapanga. Katika maduka ya vipuri pampu zifananazo ni nyingi, na ni afadhali kurudi dukani na mbovu mkononi kuliko kulazimisha. Gasketi ya zamani hukwanguliwa yote bila kukwaruza chuma. Gasketi mpya huwekwa, bolti zote huingizwa kwa vidole kwanza, ndipo hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana pande. Mkanda ukibonyezwa katikati kwa kidole gumba unyumbuke kiasi cha sentimita moja. Maji hujazwa polepole ili hewa itoke. Tunashauri nusu maji safi na nusu kulanti, isipokuwa kopo liseme imekwisha kuchanganywa. Maji matupu ya kisima huleta kutu inayokula mapanga, na Njombe, ambako sakitu huonekana asubuhi za Juni na Julai, kulanti ina kazi ya ziada. Injini huwashwa na kuachwa mpaka mpira wa juu upate moto, ishara kwamba themostati imefunguka. Kesho yake, injini ingali baridi, kiwango hutazamwa tena, maana hewa iliyojificha huwa imetoka.

Sasa darasani. Pampu mbovu isitupwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ioshwe kwa sabuni, iletwe mezani, na wanafunzi wa darasa la sita wagawanywe katika vikundi vidogo. Mwalimu asianze kwa kutaja sehemu. Aulize: kitu hiki kimekufa, kimeuawa na nini? Kikundi kimoja kitautikisa mhimili. Kingine kitaona kitundu na michirizi. Kingine kitahesabu mapanga na kugundua kwamba mawili yameliwa na kutu. Kila kikundi kiandike kilichoona mbali na kinachodhani, katika safu mbili. Tofauti kati ya safu hizo ni ngumu hata kwa watu wazima, na mwalimu atumie nusu ya kipindi juu yake bila kujuta.

Kipindi cha pili ni cha boksi la bolti. Mwalimu achanganye bolti zote mezani, awape wanafunzi mchoro na rula, na wazirudishe mahali pake kwa kupima. Hapo hesabu za milimita hupata kazi ya kufanya. Mwanachuo ambaye mwenyewe amebadili pampu mara moja tu asione haya kulifundisha somo hili. Bado anakumbuka ni wapi alisita, na hapo ndipo wanafunzi nao watasita. Ajiwekee mpaka tu: swali lililozidi ujuzi wake liandikwe pembeni mwa ubao, na fundi wa gereji iliyo karibu aalikwe Ijumaa ifuatayo kulijibu, pampu ikiwa bado mezani.