Konokono wa mchangani naye ni mali

Wasomaji wetu wa Ankoro, na nyinyi wote wa migodi ya Manono, hii maneno inaweza kuwachekesha. Leo hatuongei juu ya kasiterite, wala koltani, wala bei ya kilo. Tunaongea juu ya konokono.

Wakati wa kiangazi, maji yakipunguka, mchanga unatokea pale Luvua inapoingia ndani ya Lualaba. Watoto wanachimba, wanaokota maganda, wanachezea. Siye wakubwa tunapita tu. Kumbe ndani ya mchanga kuna maisha: konokono, kaa, minyoo, na vidudu ambavyo jicho halivioni vizuri. Hawana uti wa mgongo, lakini samaki anawala, na siye tunakula samaki.

Mfano mkubwa uko kwa jirani, kule Kalemie, ndani ya ziwa Tanganyika. Ziwa lile lina urefu wa kilometa 670 hivi na kina cha meta 1,470, na umri wake ni wa mamilioni ya miaka. Konokono wake wengi hawapatikani pahali pengine duniani. Mwingereza mmoja, J.E.S. Moore, aliona maganda yao yanafanana na ya bahari. Munamo mwaka 1903 akatoa kitabu na kusema ziwa lilitokana na bahari ya zamani. Waliokuja nyuma walipopima ADN, waliona si hivyo: konokono hao ni wa ukoo wa maji matamu, na koo zingine ni za zamani hata kuliko ziwa lenyewe.

Nyumba za samaki

Mmoja wao anaitwa Neothauma. Anaishi akijizika mchangani. Akikufa, ganda lake linabaki; mengine yamepimwa na kuonekana yana zaidi ya miaka 1,000. Maganda hayo yanarundikana chini ya maji, na samaki wadogo wanaingia humo, wanataga mayai, wanalea watoto. Kuko samaki ambaye dume analibeba ganda kwa kinywa, analipanga pamoja na mengine, halafu anangoja jike aingie. Dume huyo ana uzito wa mara 12 hivi kuliko jike, maana bila nguvu halibebi. Ganda likifunikwa na matope, nyumba imekwisha.

Kila mchanga na ukoo wake

Watu wengine watasema: konokono ni wengi, wakipotea hapa wako kule. Tuangalie mashamba yetu. Mama akipanda muhogo wa namna moja tu, ugonjwa wa majani ukiingia, shamba lote linakwisha. Akichanganya mbegu, kuna zitakazosimama. Wanyama nao ni hivyo: tofauti za damu ndani ya ukoo mmoja ndizo zinazowaokoa siku maji yakibadilika.

Tena konokono hasafiri. Wale wa ziwa wanaoitwa Lavigeria wanabeba watoto ndani ya mwili na kuwaachia palepale. Hakuna mayai ya kuchukuliwa na maji mpaka mbali. Njo maana wa pwani moja wanaweza kuwa na damu tofauti na ya jirani zao. Ukiua wa pale, haujapunguza hesabu tu: umefuta ukoo, na jirani hatakuja upesi kujaza pahali pake.

Matope yanatoka wapi?

Munamo mwaka 1993, Andrew Cohen na wenzake walitoa utafiti juu ya ziwa hilo. Walionyesha kwamba pale udongo wa milima unaposhuka kwa wingi, aina za vidudu vya majini na za samaki zinapunguka. Kule sababu kubwa ni kukata miti na kulima milimani. Kwetu, tuseme ukweli, kuko pia kazi yetu. Tunaosha minere mtoni, na maji mekundu yanashuka. Udongo laini unaziba nafasi kati ya chembe za mchanga, na hewa haipiti tena.

Hatusemi muache kazi. Watoto wanakula kwa kasiterite hiyo, na karo ya shule inatoka humo. Lakini kuna mambo yasiyoomba pesa nyingi. Tuchimbe shimo la kutuliza maji ya kuoshea, matope yabaki chini kabla maji hayajarudi mtoni. Tusioshe pale wavuvi wanapotega na samaki wanapozalia. Tuache miti ya kando ya maji isimame. Hata Code minier ya mwaka 2002, iliyorekebishwa munamo mwaka 2018, inamtaka mchimbaji wa mikono aheshimu kanuni za maji na mazingira.

Mgodi siku moja unakwisha. Wazee wa Manono wanajua hiyo. Siku ile tutashika tena nyavu. Tuangalie basi leo kama mchanga wa Ankoro bado utakuwa na kitu cha kulisha samaki.