Deni Linaloongezeka Bila Mkopo Mpya

Deni la taifa huongezeka kwa njia mbili, na mijadala mingi hukomea kwenye njia ya kwanza, yaani serikali kukopa kupita uwezo wake. Njia ya pili haihitaji mkataba mpya wala saini ya waziri yeyote: sarafu ya nchi inaposhuka thamani, bei ya mazao yake inapoanguka katika soko la dunia, au riba inapopandishwa na benki kuu ya nchi nyingine, deni lile lile huwaelemea zaidi wanaolilipa. Hali hiyo hutokana na asili ya deni la nje, ambalo ni fedha inazodaiwa nchi na serikali, mashirika au wawekezaji walio nje ya mipaka yake, na ambalo kwa kawaida huandikwa kwa dola au sarafu nyingine kubwa ambayo mdaiwa hana mamlaka ya kuichapisha, hivyo hulazimika kuitafuta kwa kuuza bidhaa kwa bei asizozipanga yeye. Tanzania iliyapitia hayo yote kati ya 1973 na 2001, na Kenya imeyaonja upya katika miaka ya karibuni.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, serikali ya Tanzania ilijenga shule, zahanati na viwanda kwa kutegemea kodi, misaada na mikopo ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya masharti nafuu, huku fedha za kigeni zikitokana na kahawa, pamba, mkonge, karafuu, korosho na chai. Mwaka 1973 na mwanzoni mwa 1974 bei ya mafuta ilipanda takriban mara nne, na bei ya mazao kwa jumla haikuongezeka kwa kasi hiyo. Rais Julius Nyerere alizoea kulieleza tatizo hilo kwa mfano wa mkonge na trekta: kila mwaka ulipopita, tani nyingi zaidi za mkonge zilihitajika ili kununua trekta moja. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, Tanzania ikalazimika kugharamia peke yake huduma zilizokuwa za pamoja, kama vile reli na ndege; mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yakalivamia eneo la Kagera, na vita hivyo vikagharimu fedha zinazokadiriwa kuwa dola milioni 500; na kabla vita havijapoa, bei ya mafuta ikaruka tena mwaka 1979. Wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini foleni za sabuni, sukari na unga ziliendelea kwa miaka.

Ni haki kusema kwamba makosa ya ndani yalikuwapo na yaliumiza. Watu walihamishiwa vijijini kwa shuruti, mashirika mengi ya umma yaliendeshwa kwa hasara, na mamlaka za mazao ziliwalipa wakulima bei ndogo tena kwa kuchelewa, jambo lililowafanya wengi wapunguze kilimo cha mazao ya biashara au wayavushe mpakani kwa magendo. Hata hivyo, makosa hayo hayaelezi kwa nini nchi zenye siasa tofauti kabisa zilikwama katika muongo mmoja. Mexico ilitangaza mwezi Agosti 1982 kwamba imeshindwa kulipa. Côte d'Ivoire, iliyosifiwa kwa kufuata soko huria, ilisimamisha malipo mwaka 1987. Kilichoziunganisha nchi hizi ni hali ya dunia iliyozizunguka: Benki Kuu ya Marekani, kwa lengo la kudhibiti mfumuko wa bei nchini mwake, iliruhusu riba ifikie karibu asilimia 20 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mikopo yenye riba inayobadilika ikapanda gharama kote duniani wakati ule ule ambao bei za malighafi zilikuwa zikianguka.

Shirika la Fedha la Kimataifa, lililobuniwa katika mkutano wa Bretton Woods mwaka 1944 wakati Tanganyika ikiwa bado chini ya Uingereza, hukopesha nchi zilizopungukiwa fedha za kigeni, lakini kwa masharti. Kura ndani ya shirika hilo hufuata ukubwa wa mchango wa kila nchi, na kwa kuwa maamuzi makubwa huhitaji asilimia 85 ya kura, Marekani, yenye zaidi ya asilimia 16, inaweza kuyazuia peke yake. Tanzania ilitakiwa kushusha thamani ya shilingi, kuondoa ruzuku ya chakula, kupunguza matumizi ya serikali na kulegeza udhibiti wa bei. Edwin Mtei, aliyekuwa Waziri wa Fedha na aliyeona kwamba makubaliano hayakwepeki, alijiuzulu mwaka 1979 baada ya Nyerere kuyakataa. Mvutano uliendelea hadi Nyerere alipong'atuka mwaka 1985, na mwaka 1986 serikali ya Ali Hassan Mwinyi ikatia saini na kuanza Mpango wa Kufufua Uchumi.

Hoja ya kushusha thamani ya shilingi haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu mkulima wa kahawa inayouzwa kwa dola hupata shilingi nyingi zaidi sarafu inaposhuka. Upande wa pili wa hesabu ndio uliosemwa kwa sauti ndogo. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ilikuwa takriban shilingi 17, na katikati ya mwaka huo ilifika takriban shilingi 40; maana yake ni kwamba deni la dola milioni moja, lililohitaji makusanyo ya kodi ya shilingi milioni 17, sasa lilihitaji shilingi milioni 40, ingawa hakuna hata senti iliyoongezwa katika mkopo. Wadai wa kiserikali, wanaokutana katika kundi liitwalo Klabu ya Paris, walikubali mwaka huo huo kuahirisha malipo, lakini kuahirisha si kufuta, kwa kuwa riba huendelea kuhesabiwa juu ya kiasi kilichosogezwa mbele.

Mzigo huo uliangukia kaya. Chini ya utaratibu ulioitwa uchangiaji wa gharama, ada zilirudishwa shuleni na malipo yakaanza kutozwa hospitalini, na uandikishaji wa watoto katika shule za msingi, uliokuwa umekaribia kuwafikia wote mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukarudi nyuma. Mtoto aliyekosa darasa mwaka 1993 hakuwa amezaliwa wakati mikopo mingi ilipochukuliwa, na huo ndio ukosefu wa usawa ambao takwimu za pato la taifa haziuonyeshi. Ushahidi wake ulionekana mzigo ulipopunguzwa: shinikizo la kampeni ya kufuta madeni, iliyowakusanya watu wapatao 70,000 mjini Birmingham mwezi Mei 1998, lilisaidia kupanua mpango wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha kwa nchi maskini zenye madeni makubwa, Tanzania ilikamilisha masharti ya mpango huo mwezi Novemba 2001 na kupata nafuu ya takriban dola bilioni 3 iliyotawanywa katika miaka mingi, ada ya shule za msingi ilifutwa katika kipindi hicho hicho, na wanafunzi wakaongezeka kwa zaidi ya milioni moja ndani ya muda mfupi.

Kenya haikuwamo katika mpango huo, na mwezi Juni 2014 iliingia katika soko la hatifungani za kimataifa, maarufu kama Yurobondi, ambazo ni hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji binafsi na kulipwa kwa sarafu ya kigeni kama dola. Sehemu ya miaka kumi ilifikia dola bilioni 2, sawa na takriban shilingi za Kenya bilioni 174 kwa bei ya wakati huo. Mwezi Januari 2024, miezi michache kabla ya tarehe ya kulipa, dola moja ilikuwa imefika takriban shilingi 160, na kiasi kile kile kilikuwa sawa na shilingi bilioni 320. Ili kulipa sehemu kubwa ya deni hilo, serikali iliuza mwezi Februari hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ilhali ya zamani ilikuwa asilimia 6.875. Hatari ya kushindwa kulipa ikapungua na shilingi ikapata nguvu, lakini haja ya mapato ilibaki, na Mswada wa Fedha wa mwaka huo, uliopendekeza kuongeza kodi, uliwaleta vijana barabarani. Makumi ya watu waliuawa kabla na baada ya mswada kuondolewa.

Waafrika Mashariki wanaoishi ughaibuni wamo katika hesabu hii zaidi kuliko inavyodhaniwa. Fedha walizotuma Wakenya nyumbani mwaka 2024 zilikuwa takriban dola bilioni 4.9, na dola hizo, baada ya kumlipia mtoto karo au mzazi matibabu, hubaki katika mabenki na kuimarisha upatikanaji wa fedha za kigeni ambazo serikali huzihitaji kwa wadai wake.

Njia nyingine ya kulipa madeni imewahi kutumika. Katika makubaliano ya London ya Februari 1953, takriban nusu ya deni la Ujerumani Magharibi ilifutwa, na malipo yaliyobaki yakapangwa kwa kuzingatia uwezo wa nchi hiyo kupata ziada katika biashara yake ya nje, ili wadai nao wawe na sababu ya kununua bidhaa zake. Miongoni mwa wadai waliotia saini zilikuwamo Marekani, Uingereza na Ufaransa, ambazo zote ni wanachama wa Klabu ya Paris.