Sindano ya Homoni na Vidonge vya "Nguvu"

Mwanaume ambaye mwili wake hautengenezi homoni ya kiume, testosteroni, ya kutosha huchomwa sindano ya homoni hiyo kwa agizo la daktari. Tatizo ni kwamba wengine huongeza kimyakimya vidonge na unga wa "nguvu". Sisi wauguzi hapa Kifaru tunaomba mfahamu mambo matatu.

Kwanza, madini ya zinki humfaa mwenye upungufu wake tu. Yakizidishwa kwa muda mrefu hupunguza madini ya shaba mwilini na kuleta upungufu wa damu.

Pili, bayotini, vitamini ya vidonge vya nywele na kucha, huweza kupotosha kipimo cha homoni. Marekani ilitoa onyo mwaka 2017. Homoni ikionekana nyingi kuliko ilivyo, daktari hupunguza sindano, na mgonjwa huzidi kudhoofika.

Tatu, sindano yenyewe hupunguza mbegu za uzazi, hata kuzimaliza. Anayetafuta mtoto asitegemee unga. Amweleze daktari kabla ya kuanza sindano.

Basi, uendapo kupimwa, beba chupa na pakiti zote uzionyeshe. Usione haya: mficha uchi hazai.