Kilo 60 Nyuma ya Ekseli

Habari ya dhahabu haisubiri barabara. Ikivuma Katoro au Kakola, kwenye ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita, kwamba kuna duara jipya, yaani shimo la uchimbaji, limetema, kabla jua halijazama utaziona pikipiki zinaelekea huko, kila moja na watu wawili: mwenye chombo na mwenzake wa kazi. Safari yenyewe si ya kwenda na kurudi. Watalala porini wiki mbili, pengine mwezi, na nyumba yao yote iko juu ya pikipiki: turubai, mablanketi, sufuria, unga, sululu, nyundo, moko (patasi ya mwamba) na madumu ya maji. Pikipiki ni Boxer au TVS ya cc 125 au 150, chombo kilichoundwa kubeba dereva, abiria mmoja na kifurushi.

Kwa hiyo safari huanzia kwa fundi wa kuchomelea. Kuanzia Kahama hadi Geita mjini, mafundi hawa wamekuwa hodari wa kurefusha keria: nondo mbili zinatolewa nyuma ya siti, zinaunganishwa kwa vyuma vya kukatiza, na pikipiki inapata kitanda cha kubebea karibu kila kitu. Mteja anauliza keria iwe ndefu kiasi gani. Mimi ningetamani aulize kwanza kila kilo itakaa wapi ukipima kutoka ekseli ya nyuma, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama watu wawili watafika.

Aliyewahi kubeba maji kwa mzega analijua jambo hili kwa bega lake. Ndoo ya nyuma ikizidi, ya mbele inapanda. Kwenye pikipiki bega ni ekseli ya nyuma, na kitu chochote kilichofungwa nyuma yake kinalinyanyua gurudumu la mbele.

Tuweke namba. Chukua pikipiki ya kilo 120 yenye mita 1.27 kati ya ekseli mbili, vipimo vya kawaida kwa vyombo vya aina hii. Dereva wa kilo 65 akiwa peke yake, gurudumu la mbele linabeba takriban kilo 81, yaani asilimia 44 ya uzito wote. Mpakize mwenzake mwenye kilo 65, kisha funga mzigo wa kilo 60 kwenye keria, kitovu chake kikiwa sentimita 25 nyuma ya ekseli. Jumla inafika kilo 310. Mbele kunabaki kilo 75 tu, asilimia 24, na nyuma zinalala kilo 235. Sasa panda mlima unaoinuka mita 15 kwa kila mita 100. Kama kitovu cha uzito wote kiko sentimita 80 kutoka ardhini, karibu kilo 29 nyingine zinahamia nyuma. Gurudumu linaloongoza chombo cha kilo 310 limebakiwa na kilo 46. Ndiyo maana usukani wa pikipiki iliyosheheni huwa mwepesi kupita kiasi, unacheza cheza mkononi, na ukikata kona kwenye changarawe pikipiki inachelewa kukutii.

Inama usome ubavu wa tairi la nyuma. Pembeni ya saizi, tuseme 3.00-17, kuna namba ndogo inayofuatwa na herufi, mara nyingi 50P. Herufi ni ya mwendo. Ile 50 ni alama ya uzito, na maana yake ni kilo 190, tairi likiwa na upepo wake kamili. Mzigo wetu umeweka 235 juu ya tairi la 190, na hapo pikipiki imesimama. Likigonga shimo, mshindo unaongeza nguvu nyingine juu ya hiyo. Tairi lililozidiwa hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, na kujikunja huko hugeuka joto ndani ya mpira. Upepo ukiwa pungufu, joto ni kali zaidi. Watengenezaji wa pikipiki hizi kwa kawaida hushauri tairi la nyuma lijazwe takriban upepo wa psi 28 dereva akiwa peke yake, na 32 akiwa na abiria. Kipimo cha upepo ni kifaa kidogo kinachoenea mfukoni, na ningekipa nafasi kabla ya sufuria ya pili.

Breki nazo zina hesabu yake. Nguvu ambayo breki inapaswa kuimaliza huongezeka sawasawa na uzito, lakini mwendo unajizidisha wenyewe: ukitoka kilomita 40 kwa saa kwenda 60, nguvu hiyo inazidi mara 2.25. Unganisha na uzito wetu, kilo 310 badala ya 185, na shuu zile zile za nyuma zinatakiwa zimeze joto karibu mara nne. Kwenye mteremko mrefu zinaanza kuteleza. Dereva aliyepakia apunguze mwendo kabla ya mteremko, ashuke kwa gia ndogo, aiachie injini sehemu ya kazi.

Kinachofanya ukanda huu uwe mgumu zaidi ni ardhi yenyewe. Kwenye vilima vya mawe ya matale, mvua ya miaka mingi imebakiza mchanga juu. Udongo laini umesombwa ukatulia mabondeni, ukawa ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Wasukuma waliupa kila ngazi ya mteremko jina lake: luseni kule juu kwenye mchanga, itogolo chini yake, mbuga bondeni kabisa. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliueleza mpangilio wa namna hii wa Afrika Mashariki akauita catena, na wataalamu wa udongo duniani wanalitumia jina hilo mpaka leo. Mwendesha pikipiki anaivuka ngazi hiyo yote ndani ya kilomita chache. Kwenye luseni, tairi la nyuma lenye kilo 235 linajichimbia na injini inapata moto kwa sababu mwendo ni mdogo na upepo wa kuipoza haupo. Kwenye mbuga, udongo unaofura kwa maji unajaa chini ya madigadi ya mbele hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Wenye uzoefu huyainua madigadi hayo, au huyafungua kabisa msimu wa mvua. Lakini gurudumu la mbele lisilo na uzito huteleza hata tope likiwa halijajaa.

Basi kilo zisogee mbele na zishuke chini. Badala ya kurefusha keria, fundi aunde fremu mbili za pembeni, moja kila upande, zishuke usawa wa ekseli na kitovu cha mzigo wake kiwe mbele ya ekseli kidogo, chini ya miguu ya abiria bila kumbana. Humo ndimo vinamokaa vitu vizito, unga na vyuma, kwa uzito ulio sawa kushoto na kulia. Upande wa eksozi uwekewe bati la kuzuia joto, maana kiroba cha plastiki kinayeyuka kabla hujasikia harufu. Juu ya tangi unakaa mfuko mdogo wa kilo tano au sita. Keria ya nyuma, fupi, ibaki na vitu vikubwa visivyo na uzito: mablanketi, turubai, mkeka.

Na maji? Dumu la lita 20 ni kilo 20, hakuna ujanja. Likiwa nusu ni baya zaidi, kwa sababu maji yanakwenda na kurudi kila ukikata kona, na msukumo huo unafika nyuma ya ekseli kwa kuchelewa, pale dereva anapodhani ameshanyooka. Dumu lisafiri tupu likajazwe kisima cha mwisho, au lisafiri limejaa hadi mdomoni.

Hesabu ile ile ikirudiwa kwa mpangilio huu, mzigo ukiwa kilo 30, mbele panapata takriban kilo 90 na nyuma panashuka hadi 190, ukingoni kabisa mwa uwezo wa tairi. Nimeirudia mara kadhaa nikitamani ikubali zaidi. Watu wazima wawili, pikipiki ya cc 125, na kilo 30: hapo ndipo chombo hiki kinapoishia, keria iwe ndefu ama fupi.

Fremu hizo zikishafungwa, macho yahamie kwenye viungo. Chuma hakikatiki ghafla. Kinachoka kwa kutikiswa mara maelfu, na huanzia pembezoni mwa mshono wa kuchomelea, mahali ambapo moto ulibadilisha tabia ya bomba. Dalili ya kwanza ni rangi iliyopasuka kama unywele, kisha mstari mwembamba wa kutu unaotiririka kutoka humo. Ukiuona, safari isimame. Kwa sababu hiyo fremu iliyofungwa kwa nati kwenye matundu ya asili ya pikipiki ni salama kuliko iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bomba la siti. Baada ya kilomita 20 za kwanza simameni, kazeni nati na mipira ya kufungia, angalieni cheni: pikipiki ikibonyea kwa uzito, ukazaji wa cheni unabadilika, na cheni iliyowekwa sawa karakana inaweza kukaza mno njiani. Pete ya chini ya shokapu nayo ipandishwe ngazi kabla ya kupakia, la sivyo taa ya mbele itamulika macho ya wanaokuja badala ya barabara.

Zile kilo 30 nyingine, sululu, nyundo, moko na gunia la pili la unga, zina usafiri wake. Guta la magurudumu matatu hufika karibu kila machimbo yenye watu, na wachimbaji wanne au watano wakichangia nauli, vyuma vyao vyote vinapanda pamoja na madumu, wao wakifuata nyuma na mablanketi.