Nywele Zetu: Zinaotaje, na Kwa Nini Zina Kipimo?

Siku ya Jumamosi, mtu apitaye Mangobo, katika mji wa Kisangani, huona wasichana wengi wameketi nje ya nyumba. Mmoja ameketi chini juu ya mkeka, mwingine yuko nyuma yake juu ya kiti. Wanasukana nywele.

Jumamosi moja msichana wa darasa la tano alikuwa akifumuliwa nywele na yaya wake, ndiye dada yake mkubwa. Nywele hizo zilikuwa zimesukwa mwezi mzima. Kila msuko ulipofumuliwa, nywele zilianguka mapajani. Msichana alipoona fungu lile alitaka kulia.

"Yaya, tazama! Nywele zangu zinakwisha. Shuleni wananicheka, wanasema kichwa changu hakioti nywele. Acha nichukue fedha za madaftari, ninunue sokoni dawa ya kurefusha nywele."

Yaya alikuwa mwanafunzi wa shule ya wauguzi. Hakumcheka. Alimwambia, "Ngoja, mdogo wangu. Kwanza tuhesabu."

Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000. Kila siku nywele 50 hadi 100 huanguka zenyewe. Mtu asiyesuka hazioni, maana huanguka njiani na kitandani. Lakini katika nywele zilizosukwa, zile zilizong'oka hubaki zimeshikwa na wenzake. Sasa zidisha 50 kwa siku 30: ni 1,500. Zidisha 100 kwa siku 30: ni 3,000. Basi fungu lile la mapajani lilikuwa la mwezi mzima, si la siku moja.

Kisha yaya alimwonyesha msuko mmoja uliokuwa haujafumuliwa. Siku ya kusukwa, msuko ule ulianza karibu kabisa na ngozi. Sasa kati ya ngozi na msuko palikuwa na nafasi ya karibu sentimita moja. Nafasi ile imetoka wapi? Ni nywele mpya zilizoota mwezi ule.

Kwa hiyo tunajua mambo mawili. La kwanza, nywele za kichwa huota kadiri ya sentimita moja kwa mwezi, kwa wengine pungufu kidogo, kwa wengine zaidi kidogo. La pili, unywele hauoti kwenye ncha kama tawi la mti. Huota chini. Mfano wake ni mtu asokotaye kamba: huongeza nyuzi pale mkononi, na kamba iliyokwisha kusokotwa husogea mbali naye. Ncha ya kamba ndiyo ya zamani kuliko sehemu zote. Ndivyo ilivyo ncha ya unywele.

Chini ya ngozi kila unywele una kishimo chake chembamba, na chini ya kishimo mna mzizi. Damu huupelekea mzizi chakula. Mzizi hufanya chembe mpya, na chembe hizo husukumana kwenda juu, hukauka, huwa ngumu, hufa. Unywele tunaouona nje hauna uhai tena. Umefanywa kwa keratini, kitu kile kile kilichomo katika kucha zetu, kwato za mbuzi na pembe za ng'ombe. Ndiyo sababu mkasi ukikata unywele hatusikii maumivu. Tena ndiyo sababu kunyoa hakuharakishi nywele kuota. Mzizi umo chini ya ngozi, nao haujui habari za mkasi.

Lakini kama nywele huota kila mwezi, mbona hazifiki miguuni? Ni kwa sababu mzizi hufanya kazi kwa zamu. Mzizi wa unywele wa kichwani hufanya kazi miaka 2 hadi 6. Kisha kazi husimama, na mzizi hupumzika kadiri ya miezi 3. Halafu huanza unywele mpya, na ule wa zamani huanguka. Anayeota sentimita 12 kwa mwaka, naye mizizi yake ina zamu ya miaka 2, atafikia sentimita 24. Mwenye zamu ya miaka 6 atafikia sentimita 72. Nywele zote haziendi mapumzikoni pamoja. Katika nywele 100, kama 85 hadi 90 ziko kazini. Kwa hiyo kichwa hakibaki kitupu.

Nyusi nazo zina zamu, lakini ni ya miezi michache tu. Kwa hiyo nyusi hubaki fupi maisha yote. Kinyume chake, huko China mwanamke aitwaye Xie Qiuping aliacha kukata nywele mwaka 1973. Zilipopimwa mwaka 2004 zilikuwa na urefu wa mita 5 na sentimita 62. Mizizi yake ilikuwa na zamu ndefu kuliko ilivyo kawaida ya watu.

Yaya alitandaza nywele za mapajani juu ya karatasi. "Tazama vizuri," alisema. "Huu ni mrefu, na mwisho wake una kidoto cheupe. Umemaliza zamu yake, usiulilie. Lakini hivi vipande vifupi havina kidoto. Hivi havikung'oka, vimekatika. Hapo ndipo urefu wako unapopotea."

Nywele za kujikunja kama zetu hutoka katika kishimo kilichopinda. Kila mahali zinapojikunja ni rahisi kukatika, hasa zikivutwa na kitana kikavu. Tena mkunjo huficha urefu: nyosha unywele mmoja taratibu utashangaa. Mwenye nywele zinazokatika ni kama mtu anayejaza mtungi uliotoboka. Maji yanaingia, lakini hayapandi. Hahitaji maji zaidi, ahitaji kuziba tundu.

Tundu huzibwaje? Chana nywele zikiwa na maji au mafuta, ukianzia kwenye ncha. Usisuke kwa kukaza hata ngozi iume, kwa maana mizizi inayovutwa miaka mingi mwishowe hufa, na paji la uso hubaki wazi. Jihadhari na dawa kali za kunyoosha nywele, kwa kuwa huzidhoofisha. Mafuta ya kokwa za mchikichi hulainisha unywele usikatike upesi, lakini hayaongezi miaka ya zamu.

Mzizi pia hutaka chakula. Mtoto mdogo akila muhogo tu, bila samaki, maharagwe, karanga, mayai wala viwavi vya kuliwa, aweza kupata kwashiorkor. Miguu huvimba, na nywele huwa nyepesi na nyekundu, hung'oka bila kuvutwa. Ukimwona mdogo wako hivyo, usimtafutie mafuta ya kichwa. Mwambie mama ampeleke upesi kituo cha afya.

Yaya alimsuka mdogo wake tena, safari hii bila kukaza. Fedha zikanunua madaftari. Baada ya mwezi walichukua rula na kupima nafasi kati ya ngozi na msuko. Ilikuwa karibu sentimita moja. Siku ya pili shuleni, mwenzake alipoanza kumcheka, msichana alijibu kwa utulivu, "Zangu zinaota kila mwezi kama zako. Njoo na rula tupime."

Maswali
1. Unywele huota wapi, kwenye ncha au chini? Umejuaje?
2. Kwa nini nyusi hazirefuki kama nywele za kichwa?
3. Mizizi yenye zamu ya miaka 4 itafikisha unywele sentimita ngapi?
4. Utatofautishaje unywele uliomaliza zamu na uliokatika?