Seyyid Barghash na Kupotea kwa Mrima

Itajwapo historia ya Bagamoyo, wengi hukumbuka Wajerumani, walioufanya mji huu makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Lakini kabla yao pwani hii, toka Bagamoyo hadi Saadani na Pangani, ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Makala hii yaeleza jinsi ilivyoanza kumtoka mikononi Seyyid Barghash bin Said.

Barghash alikuwa mwana wa Seyyid Said. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua ndugu yake, Seyyid Majid. Akashindwa, akapelekwa Bombay kwa muda wa miaka miwili hivi. Majid alipofariki Oktoba 1870, Barghash akashika ufalme. Mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Mwaka 1873 Waingereza wakamlazimisha kufunga soko la watumwa. Hata hivyo alileta maji ya bomba mjini, akanunua meli za moshi, na mwaka 1883 akajenga Beit-el-Ajaib.

Basi mfalme wa namna hii alishindwaje? Nguvu zake huku Mrima zilisimama juu ya biashara. Alikuwa na maliwali na forodha katika bandari, ambako misafara ilileta pembe za ndovu. Bali ndani ya nchi askari wake walikuwa wachache. Mwishoni mwa 1884 Karl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akifanya mikataba na wakuu wa huko. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaikubali. Barghash alipinga; Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wake, na Waingereza, aliowategemea, wakamshauri akubali. Mwaka 1886 mataifa hayo mawili yakamwachia ukanda wa pwani wa maili 10 tu.

Hakuwa peke yake duniani. Guangxu, mfalme wa China toka 1875 hadi 1908, alishindwa vitani na Japani, na mwaka 1895 akaiachia kisiwa cha Taiwan.

Barghash alifariki Machi 1888. Mwezi uliofuata mrithi wake, Seyyid Khalifa, aliikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani. Agosti kampuni ilipotweka bendera yake, wenyeji, ambao hawakuulizwa neno, walikataa. Abushiri bin Salim aliongoza vita Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889; mwaka 1890 Wajerumani wakainunua pwani kwa Mark 4,000,000.

Funzo ni hili: forodha huleta fedha, lakini nchi hulindwa na watu wake, nao katika mashauri yale yote hawakupewa nafasi.